Rangi Mbili Nne

Ilikuwa jioni ya Juni, baridi ya Ufipa imeshakaza. Kwenye duka moja la dawa Katandala, mjini Sumbawanga, akaingia mama aliyejifunika shuka mpaka kichwani. "Dokta, nipe rangi mbili nne." Alimaanisha vidonge vinne vya antibiotiki, vile vya rangi mbili.

Dokta mwenyewe ni dada aliyepitia kozi ya watoa dawa. Akauliza cheti, hakuna. Nani anaumwa? Mtoto, mafua. "Mama, mafua hayatibiwi kwa rangi mbili," akasema. Mama akageuka kutazama duka la pili, ng'ambo ya barabara.

Kaunta kama hii ndipo unapopimwa mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA kwa kifupi. Historia yake huanza kusimuliwa mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilipopitisha mpango wa dunia na kuzitaka nchi ziandike ya kwao. Tanzania iliandika wa 2017 hadi 2022, kisha wa 2023 hadi 2028. Mimi ningeianzia mbali zaidi, kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye hospitali ya hapa Sumbawanga.

Adrian Atiman alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea udaktari Malta, akafika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880. Alifariki mwaka 1956. Kwa zaidi ya miaka 40 alitibu watu bila antibiotiki hata moja. Penisilini ilipokuja, mgunduzi wake Alexander Fleming, akipokea Nobeli mwaka 1945, alitahadharisha kuhusu siku itakapouzwa madukani na watu kujitibu kwa dozi pungufu, vijidudu vikaizoea.

Siku hiyo ilifika, na Tanzania ilianza kuhangaika nayo kabla neno UVIDA halijatungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mpango wa kifua kikuu, uliojengwa pamoja na Dk. Karel Styblo, mtaalamu wa ugonjwa huo, uliweka ufuatiliaji wa karibu wa kila mgonjwa mpaka amalize dawa. Dunia ikaja kuiga. Malaria haikuwa na bahati hiyo. Klorokwini, ile iliyowasha mwili mzima, iliachwa mwaka 2001, dawa ya SP (sulfadoksini-pirimethamini) ikashika nafasi yake, nayo haikudumu: kufikia mwisho wa 2006 tukawa tunahamia dawa ya mseto.

Zamani duka la dawa baridi halikuruhusiwa kuuza antibiotiki, lakini ziliuzwa, chini ya meza. Mwaka 2003 serikali ikajaribu njia nyingine mkoani Ruvuma: duka la dawa muhimu. Muuzaji afundishwe, duka likaguliwe, na antibiotiki chache ziruhusiwe rasmi, kwa cheti. Mkoa wetu wa Rukwa ukawa miongoni mwa iliyofuata mapema. Uamuzi wa ajabu, ukiufikiria: kuidhibiti dawa kwa kuihalalisha. Nadhani ulikuwa sahihi, kwani huwezi kumkagua anayejificha.

Mpango wa 2017 uliongeza kitu ambacho duka peke yake lisingeweza: kuwaweka daktari wa watu, wa mifugo na mtu wa mazingira kwenye meza moja, kwa jina la Afya Moja. Kwa Ufipa hilo lina uzito. Mfugaji huchoma mwenyewe sindano ya OTC, antibiotiki ya mifugo, na asipohesabu siku za kusubiri, maziwa ya kesho yake huenda na dawa ndani. Upande wa pili wa mpango ni maabara. Kujua kimelea gani kinakataa dawa gani kunahitaji kukiotesha, na hiyo si kazi ya zahanati.

Basi mzigo unarudi kaunta, kwa dada ambaye kila akikataa anapoteza mauzo. Yule mama alikuwa na pesa ya vidonge vinne. Dozi kamili ingemzidi hata kama angekuwa na cheti. Walibishana kidogo, kwa upole. Mwisho alinunua chupa ya parasetamo ya mtoto, akaifunga kwenye pindo la khanga na kutoka. Sikuona alielekea upande gani.