Nakala ya DVD inafifisha picha? Nilivyopima, na uvumi huu ulikotoka

Leo naweka kando kodi za kazini niwasimulie ugomvi wa DVD moja uliosumbua familia yetu kwa miaka. Nilipojaribu kuumaliza nilijikuta nasoma historia nzima ya kunakili video, na nimeona si vizuri nibaki nayo peke yangu.

DVD yenyewe ni ya harusi. Ilirekodiwa Voi mwaka 1991 kwenye kanda ya VHS, na mwaka 2005 tukaipeleka kwa fundi Mombasa akaihamishia kwenye diski. Kanda ilikuwa imeshaanza kuota ukungu, na baadaye ikatupwa. Ndani yake kuna dakika kama nne ambapo nyanya anawabariki maharusi, anacheka, kisha anamkemea mpiga picha amwondokee mbele. Nyanya alifariki mwaka 1996. Hatuna video nyingine inayomwonyesha akitembea na kuzungumza.

Mwaka 2007 binamu yangu alichoma nakala tano za diski ile ili kila nyumba iwe na yake. Mjomba, ambaye ndiye mkubwa wa watoto wa nyanya, akaitazama nakala yake akasema, "Uso wa mama umefifia." Tangu siku hiyo diski ya kwanza ikafungiwa kabatini kwake, na zile tano zikaitwa "feki". Binamu aliapa kwamba hakuibana video hata kidogo. Hakuna aliyemwamini.

Mimi nilimcheka mjomba kimoyomoyo, nikidhani ni ushamba wa kompyuta. Nilikosea. Alikuwa amejifunza jambo la kweli, ila alijifunza kwenye mtambo mwingine.

JVC walitoa VHS Japani mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Sony kutoa Betamax. Kanda hizo huhifadhi picha kama mawimbi ya sumaku, na wimbi halina namna ya kujua lilivyokuwa jana. Ukiunganisha deki mbili na kunakili, deki ya pili inarekodi picha pamoja na makelele yote ya deki ya kwanza, kisha inaongeza yake. VHS yenyewe ilikuwa na uwezo wa mistari kama 240 tu ya upana, kwa hiyo hapakuwa na akiba ya kupoteza. Nakala ya nakala ya nakala ilikuwa na rangi zinazovuja nje ya nguo na nyuso zisizo na macho. Aliyewahi kuazima kanda iliyopita mikononi mwa watu wengi anajua ninachosema.

Tena kulikuwa na uharibifu wa makusudi. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni za filamu zilianza kutumia kinga ya Macrovision. Ilikuwa hila ya kupendeza, nakiri. Waliingiza mipigo ya umeme kwenye sehemu ya mawimbi ambayo runinga haionyeshi. Runinga haikusumbuka sana, lakini deki ya kurekodi, ambayo hupima nguvu ya mawimbi ili ijirekebishe yenyewe, ilidanganyika. Matokeo yake ni nakala inayong'aa, inafifia, inang'aa tena. Kwa hiyo mtu aliyeishi miaka hiyo na kuhitimisha kwamba kunakili kunafifisha picha hakuwa mshamba. Alikuwa na ushahidi sebuleni kwake.

DVD ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani mwaka 1997. Hapa kanuni zinageuka. Picha sasa ni namba, na namba 7 ikinakiliwa vizuri ni 7, si 6.9. Zaidi ya hapo, diski hubeba namba za ziada za kusahihisha makosa, kwa hesabu iliyotokana na makala ya Irving Reed na Gustave Solomon ya mwaka 1960. Mkwaruzo mdogo unasahihishwa hadi biti ya mwisho. Mkwaruzo ukizidi uwezo wa hesabu, picha inaganda au inajaa vipande vya mraba. Haififii taratibu kama kitambaa kilichoanikwa juani. Hili ndilo lililonifanya nishuku kwamba mjomba aliona kitu kingine.

Je, kuvunja kufuli? DVD nyingi za filamu zilifungwa kwa fumbo linaloitwa CSS, lenye ufunguo wa biti 40 tu. Oktoba 1999 programu ya DeCSS ilisambaa kwenye intaneti, na kijana wa Norwei, Jon Lech Johansen, aliyekuwa na miaka 15, akajikuta baadaye mahakamani. Aliachiliwa Januari 2003, upande wa mashtaka ukakata rufaa, na Desemba mwaka huo huo akaachiliwa tena. Marekani mambo yalikwenda kinyume: mahakama iliizuia kampuni ya 321 Studios kuuza programu yake ya kunakili DVD mwanzoni mwa 2004, na miezi michache baadaye kampuni ikafunga milango. Katika kelele zote hizo watu walichanganya mambo mawili. Kufungua fumbo si kubana. Ukifungua CSS unapata namba zile zile zilizotoka studio, kama barua iliyotolewa kwenye bahasha. (Diski yetu ya harusi haikuwa na CSS hata hivyo. Nani angeiba harusi ya Voi?)

Kubana kulikuja kwa sababu ya ukubwa. Diski ya filamu mara nyingi ilikuwa na tabaka mbili, gigabaiti 8.5 hivi, wakati diski tupu tulizonunua mjini zilikuwa za 4.7. Ndipo programu kama DVD Shrink, iliyokuwa ya bure na ambayo toleo lake la mwisho ni la 2004, zikapata umaarufu. Video ya DVD ni MPEG-2: kila fremu hukatwa vipande vya alama 8 kwa 8, na kila kipande hugeuzwa kuwa orodha ya namba zinazoeleza mabadiliko ya mwanga, makubwa kwanza, madogo baadaye. DVD Shrink huzikadiria namba hizo upya kwa ukali zaidi, yaani inatupa zile ndogo. Unayoyapoteza ni nywele, majani na kitambaa cha shela. Hapo picha inabadilika kweli. Lakini video ikitosha kwenye diski, au ukichagua isibane, programu inadai haigusi kitu. Inadai. Swali langu lilikuwa, nani amepima?

Mwezi uliopita nilifunga safari hadi Voi na laptopu na kisomaji cha DVD cha kuchomeka. Baada ya chai na mahojiano marefu kuhusu ni lini nitaoa, mjomba akatoa diski. Niliisoma yote kwa dd, ile amri kongwe ya Unix inayonakili baiti kwa baiti bila kujali ni video au orodha ya mboga. Ilikwama mara mbili katikati, ikarudia, ikamaliza. Kisha nikaisoma nakala ya binamu.

Kwanza nilipiga alama za SHA-256 za faili za VOB. Hazikulingana. Hata moja! Mjomba aliniangalia kwa jicho la "nilisema nini".

Nikarudi kufikiri. VOB si picha tupu. Ndani yake kuna picha, sauti, na vifurushi vya uelekezaji vinavyotokea kila baada ya kama nusu sekunde, vikiiambia deki sekta ipi inafuata. Nikakumbuka kwamba binamu alikuwa ameondoa tangazo la studio ya yule fundi, la sekunde 30, lililokuwa mwanzoni. Ukiondoa kitu mwanzoni, anwani zote zinasogea na mipaka ya faili inahama. Ni kama kung'oa ukurasa wa kwanza wa kitabu na kuandika upya namba za kurasa: kitabu hakilingani tena, ila maneno ni yale yale. Kulinganisha VOB kulikuwa kipimo kibaya, na nadhani watu wengi waliofanya jaribio hili waliishia hapo wakahukumu.

Kwa hiyo niliacha faili nikapima fremu. Programu ya ffmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, ina njia inayoitwa framemd5: inafumbua kila fremu na kuipa alama yake. Nilitoa orodha mbili, nikakata safu za saa (zinasogea pia kwa sababu ya tangazo), nikabaki na alama tupu. Harusi ni saa 1 na dakika 52. Kwa fremu 25 kwa sekunde, ni fremu 168,000. Orodha ya diski ya kwanza ilikuwa na mistari 750 zaidi mwanzoni, yaani sekunde 30 kamili za tangazo. Nikaiondoa, nikaendesha diff.

Kimya. Hakuna mstari hata mmoja uliotofautiana.

Kimya hakitoshi kwa mwandishi wa programu. Huenda kipimo chenyewe ni kipofu. Basi nikaendesha DVD Shrink ndani ya Wine, nikailazimisha ibane hadi asilimia 70, nikapima tena. Safari hii karibu kila mstari ulitofautiana, isipokuwa fremu chache nyeusi mwishoni. Nikakuza shela ya bibi harusi, na kweli nyuzi zilikuwa zimegeuka uji. Kipimo kilikuwa na macho. Na MD5 ya 1991, ingawa tangu 2004 inajulikana inaweza kuchezewa na mtu mwenye nia mbaya, inatosha kugundua ajali. Binamu yangu hana ujuzi wa kughushi alama, mnisamehe.

Sasa uso uliofifia? Nilimuuliza mjomba alitazama wapi. Diski ya kwanza alikuwa ameitazama kwenye runinga yake ya zamani ya kioo, inchi 14. Nakala aliletewa nyumbani kwa mwanawe, kwenye runinga bapa kubwa. Mistari 576 ya picha, iliyotoka kwenye VHS yenye mistari 240, ilikuwa imetandazwa kwenye kioo kikubwa ambacho pia hakikujua kuchanganya vizuri nusu mbili za kila fremu. Nyanya hakufifia kwenye diski. Alivutwa.

Nikachomeka deki kwenye runinga moja, nikamwonyesha zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Alizitazama akiwa ameegemea mbele, mikono magotini. Kwenye ya kwanza, nyanya alipoinua mkono kumfukuza mpiga picha, picha iliganda, vipande vya mraba vikamfunika uso, na sauti ikakatika. Ya pili ilipita pale pale bila kusita.

"Hii ya pili ndiyo yangu," akasema.

"La, mjomba. Hiyo ni ya binamu."

Alinyamaza kidogo. Kisha akachukua simu akampigia binamu, akamuuliza kama bado ana diski tupu.