Mahali pa Kushitakia: Ulinzi wa Wanawake na Watoto katika Fiqhi na Historia ya Tanga

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake.

Mji wa Tanga unapoingia baharini ndipo palipo Raskazone. Vitabu vya historia huitaja rasi hii kwa sababu ya Novemba 1914, pale jeshi la Waingereza lililotoka India liliposhuka ufukweni na kushindwa na Wajerumani. Vita vile vina makaburi na kumbukumbu zake. Lakini iko dhulma isiyo na kumbukumbu, nayo ni ile ya ndani ya nyumba: mke anayepigwa, binti aliyeletwa mjini kufanya kazi za ndani akanajisiwa, mtoto wa chuoni anayechapwa mpaka akajeruhiwa. Mengi ya haya humalizwa kifamilia, kisha yakaitwa sitara. Katika makala hii tunakusudia kubainisha jambo moja: sharia haikumwachia mwenye kudhulumiwa subira peke yake, bali ilimwekea mahali pa kushitakia.

Alfajiri moja Madina

Abu Daud amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kisa cha Habiba bint Sahl, mke wa Thabit bin Qays. Mumewe alimpiga hata akamvunja kiungo. Baada ya swala ya alfajiri akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kushitaki. Mtume (s.a.w.) hakumrudisha nyumbani akavumilie. Alimwita Thabit, akamwamuru achukue sehemu ya mali aliyompa mkewe na aachane naye. Thabit alikuwa Swahaba mtukufu na msemaji wa Answari, lakini cheo chake hakikuzuia shauri kusikilizwa.

Wapo wanaotoa hoja kwa aya ya 34 ya Suratun-Nisaa. Tunawajibu kwa yaliyosemwa na wanazuoni wenyewe. Imepokewa na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Imam Shafi (r.a.) ameona kuacha kupiga ndiyo bora. Na wote wamekubaliana kwamba pigo la kujeruhi, au la usoni, ni haramu. Basi mwenye kumvunja mkewe mkono hana aya ya kujifunika nayo.

Kauli ya madhehebu

Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa za pwani yetu, ameeleza utaratibu. Mume akimuudhi mkewe pasina sababu, kadhi humkataza. Akirudia, humtia adabu. Wakidaiana, kila mmoja akisema mwenziwe ndiye mwenye kudhulumu, kadhi humtafuta mtu mwaminifu anayewajua, ili apate ukweli na kumzuia dhalimu. Tazameni: fiqhi haikuridhika na kauli ya mwenye nguvu, imetaka uchunguzi.

Kwa upande wa watoto, ulezi una sharti la uadilifu. Fasiki hapewi mtoto. Na adabu ya mwalimu ina mpaka wa usalama. Ikimletea mtoto mauti, mwalimu ni mdhamini, hata akidai kuwa nia yake ilikuwa kufundisha.

Tanga na kadhi wake

Elimu hii ilifika kwa Waswahili kwa lugha yao. Sheikh Ali Hemedi el-Buhriy, mwanazuoni wa Tanga, aliandika kitabu cha Nikahi kwa Kiswahili, nacho kikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1959 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen. Hukumu zilizokuwa kwa wenye Kiarabu tu zikawa karibu na mama asiyejua ila Kiswahili.

Hata hivyo tusiipambe historia. Mwambao huu ulijua pia biashara ya watumwa, na walioumia zaidi ni wanawake na watoto waliotengwa na jamaa zao. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Somo lililobaki ni kuwa dhulma humwelekea asiye na mtu wa kumsemea. Ndiyo maana hadithi ikamfanya mtawala kuwa walii wa asiye na walii.

Baada ya uhuru, sheria ya mahakama ya mwaka 1963 iliondoa Tanzania Bara mahakama za kadhi zenye nguvu za serikali, ingawa Zanzibar na Kenya zimebaki nazo. Hapo ndipo wengi walipodhani mlango umefungwa, na mashauri yakarudi sebuleni.

Wajibu wa imamu leo

Mlango haujafungwa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, imekataza mume au mke kumwadhibu mwenziwe kwa kipigo. Mtawala akikizuia kilichokuwa ruhusa kwa ajili ya maslahi, kumtii ni wajibu. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, imemlazimu kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayedhulumiwa aitoe kwa serikali ya mtaa. Polisi wana dawati la jinsia na watoto, na ipo simu ya bure ya watoto, namba 116.

Haja ni kubwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotangazwa 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hao ni watoto wa misikiti yetu pia.

Basi ndugu imamu, akikujia mama baada ya alfajiri, msikilize kama alivyosikilizwa Habiba. Suluhu ina nafasi yake katika ugomvi wa mume na mke, lakini haina nafasi katika kunajisiwa kwa mtoto. Hapo mpeleke hospitali na polisi siku hiyo hiyo, wala usipokee fidia ya kufunga midomo. Sitara ni kwa aliyeteleza akatubu baina yake na Mola wake. Si pazia la kumficha mwenye kudhuru wengine. Anayemficha leo anamkabidhi mtoto mwingine kesho.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa wenye kusimamia haki, ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Wabillahi tawfiq.