Majuma Manne ya Likizo: Habari ya Chuo Kikuu cha Xavier, New Orleans



Kila mwaka, Mtihani wa Taifa ukiisha kuandikwa, vijana wetu huingia katika miezi isiyo na jina. Si wanafunzi wa sekondari tena, wala hawajawa wanafunzi wa chuo kikuu. Wengine husaidia wazazi sokoni au shambani, wengine hukaa barazani wakingoja matokeo, na wazazi nao huhesabu franka na dola wakijiuliza ada itatoka wapi. Kisha masomo yaanza, na mwaka wa kwanza huwaangusha wengi, hata wale waliopata asilimia za kujivunia. Watu husema: «Chuo kikuu ni kigumu.» Ni kweli, lakini jibu hilo halimsaidii mtu.

Swali la namna ya kuitumia miezi hiyo si jipya, na halikuzaliwa kwetu. Napenda leo tuangalie mahali pamoja ambapo liliulizwa kwa bidii: mji wa New Orleans, nchini Marekani, katika chuo kikuu cha Kikatoliki kilichojengwa kwa ajili ya watoto na wajukuu wa watumwa.

Mwanzilishi wake ni Mtakatifu Katharine Drexel. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1858, binti wa mwenye benki tajiri sana. Mwaka 1887 alipopokelewa na Baba Mtakatifu Leo XIII, alimwomba apeleke wamisionari kwa wenyeji asilia wa Amerika. Papa akamuuliza kwa nini asiwe mmisionari yeye mwenyewe. Swali hilo lilimsumbua. Mwaka 1891 aliweka nadhiri na kuanzisha shirika la watawa, Masista wa Sakramenti Takatifu, kwa ajili ya wenyeji hao na ya watu weusi, na urithi wa baba yake ukageuka kuwa shule.

Mwaka 1915 alinunua huko New Orleans majengo yaliyoachwa na chuo cha watu weusi kilichohamishiwa mji mwingine. Sheria za jimbo la Louisiana zilitenga weusi na weupe karibu katika kila jambo, na ilimpasa kununua kwa mkono wa mtu mwingine, maana wengi mjini hawakutaka shule ya namna hiyo jirani nao. Ilianza kama shule ya sekondari, ikapata tawi la kufundisha walimu, na mwaka 1925 ikawa chuo kikuu chenye jina la Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Hadi leo Xavier ni chuo kikuu pekee nchini Marekani kilicho cha Kikatoliki na cha watu weusi kwa historia yake.

Lazima niseme pia yasiyopendeza, kwa sababu historia ya Kanisa si kitabu cha sifa tupu. Kwa miaka mingi shirika hilo lililowahudumia watu weusi halikuwapokea wasichana weusi kuwa watawa ndani yake. Sababu zilitajwa: sheria za utengano, na kutotaka kunyang'anya miito mashirika ya masista weusi yaliyokuwapo tayari. Nazifahamu sababu hizo, ila hazinitoshi. Mama Katharine alifariki mwaka 1955, akatangazwa mtakatifu na Papa Yohane Paulo II tarehe 1 Oktoba 2000. Siku hiyohiyo, katika ibada hiyohiyo, alitangazwa Mtakatifu Yosefina Bakhita wa Sudani, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto. Sijui kama kuna siku nyingine ambapo tajiri na mtumwa walipandishwa altareni pamoja kwa namna iliyo wazi hivyo.

Mwaka 1968 masista walikabidhi uongozi wa chuo kwa mlei, Norman Francis, mtoto wa kinyozi wa Lafayette, aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu sheria katika chuo cha Wayesuiti cha Loyola mjini humo. Miaka saba nyuma, mwaka 1961, alikuwa amewapa malazi katika bweni la Xavier vijana waliokuwa wakisafiri kwa mabasi kupinga utengano na waliopigwa vibaya njiani. Siku aliyoteuliwa kuwa mkuu wa chuo, tarehe 4 Aprili 1968, ndiyo siku aliyouawa Martin Luther King. Alikiongoza chuo hicho hadi mwaka 2015.

Wakati huo wazo la kuwaleta wanafunzi wa sekondari chuoni wakati wa likizo kubwa lilikuwa limekwisha kuenea Marekani. Mwaka 1964, chini ya Rais Lyndon Johnson, bunge lilipitisha sheria ya kupambana na umaskini, na mwaka uliofuata vyuo kadhaa vilianza kwa majaribio mpango ulioitwa Upward Bound, maana yake kuelekea juu. Wanafunzi wa jamaa maskini walilala katika mabweni ya chuo kikuu kwa majuma sita hivi, wakasoma hesabu na uandishi, wakazoea maktaba na maabara, na serikali ililipa. Mpango huo ungaliko.

Xavier walikuwa na shida yao wenyewe. Vijana waliofika pale walitoka katika shule zilizonyimwa fedha kwa vizazi, na wengi walianguka katika kemia, biolojia na hesabu za mwaka wa kwanza, masomo ambayo ni mlango wa udaktari na ufamasia. Mwalimu mmoja wa kemia, J. W. Carmichael, pamoja na wenzake, hakukubali kwamba vijana hao hawana akili, wala hakukubali kupunguza ugumu wa masomo. Walisema jambo la tatu: kufikiri kwa mpango ni ufundi, na ufundi hufundishika. Wakachukua mafundisho ya Jean Piaget wa Uswisi juu ya hatua za akili ya mtoto, na mazoezi ya Arthur Whimbey juu ya kutatua maswali, na wakati wa likizo ya mwaka 1977 wakaanzisha mpango walioupa jina SOAR. Kwa Kiingereza neno hilo lamaanisha kupaa, nalo pia ni kifupisho cha maneno yenye maana ya kutilia mkazo fikra za uchambuzi. Ulikuwa wa majuma manne, kwa vijana waliokaribia kuingia chuoni.

Hapa nitakaa kidogo, maana mimi ni mwalimu wa walimu na hiki ndicho kiini.

Katika maabara, vijana hawakuanza kwa kunakili kanuni. Walianza kwa kupima, kulinganisha na kubishana. Kanuni ilikuja baadaye, nao wakaitumia katika mambo mapya. Walizoezwa aina chache za kufikiri: uwiano, kutenganisha sababu moja na nyingine, kupanga michanganyo yote inayowezekana, kukadiria uwezekano wa jambo, kutambua mambo yanayoendana. Chukueni uwiano. Mama anapika ugali wa watu 4 kwa vikombe 6 vya unga. Kwa watu 10 atatia vikombe vingapi? Wanafunzi wengi, hata wenye cheti, husema 12: wameongezeka watu 6, basi waongezwe vikombe 6. Jibu ni 15, na jioni hiyo kuna watu watakaolala na njaa. Mwenye kosa hilo anajua kujumlisha vizuri sana. Hajatambua ni namna gani ya swali aliyo nayo mbele yake. Katika kemia, ambako karibu kila hesabu ni uwiano, atateseka mwaka mzima, na watu watasema hana kipaji.

Zoezi la pili lilifanywa wawili wawili. Mmoja anasoma swali kwa sauti na kusema kila wazo linalompitia, hatua kwa hatua, bila kuruka. Mwenzake hasaidii kutoa jibu. Kazi yake ni kusikiliza, kumzuia asikimbie, kumwuliza: «Umepataje hapo?» Kisha wanabadilishana. Wale wenye haraka hugundua kwamba walikuwa wakikisia, na wale wenye woga hugundua kwamba mawazo yao yana mpango kuliko walivyodhani. Pamoja na hayo kulikuwa na msamiati mwingi, kwa sababu maneno magumu ya Kiingereza yalikuwa ukuta kwao kama Kifaransa cha vitabu kilivyo ukuta kwa wengi wetu. Yalikuwapo pia mashindano ya maswali kati ya makundi, yenye kelele za uwanja wa mpira. Kijana aliyezoea kuona mchezaji akishangiliwa, aliona sasa mwenye kujua akishangiliwa.

Baadaye Xavier waliongeza mipango kwa wanafunzi wa chini zaidi: MathStar, BioStar na ChemStar, kila mmoja ukimwandaa mwanafunzi kwa somo atakalokutana nalo shule ikifunguliwa. Nao walimu wa chuo wenyewe walikubali nidhamu: waliandika vitabu vya mazoezi vya pamoja, ili mwanafunzi asipate kemia tofauti kwa kuwa ameangukia kwa profesa tofauti. Jambo hili si dogo. Ni rahisi kuwaandaa vijana kuliko kuwaandaa maprofesa.

Chuo hicho chenye wanafunzi 3,000 hivi kilifika, katika miaka ya 1990, mbele ya vyuo vyote vya Marekani kwa idadi ya vijana weusi wanaopokelewa katika shule za udaktari, kikipita vyuo vyenye fedha na majina makubwa mara nyingi zaidi. Majuma manne peke yake hayakufanya hayo, lakini ndiyo yaliyofungua njia.

Leo mipango ya likizo ni mingi mno, na mingi imegeuka kuwa biashara. Wako wanaotoza maelfu ya dola, wengine ni makampuni yanayopanga tu vyumba katika chuo chenye sifa, na kuhudhuria huko hakumpi mtu nafasi ya kupokelewa chuoni humo. Vijana wetu nao hupata katika simu ujumbe usemao kwamba wamechaguliwa miongoni mwa wengi, walipe kwanza. Msilipe kabla ya kumwonyesha ujumbe huo mwalimu au paroko.

Nasi tulikuwa na matayarisho yetu. Padri Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza kupewa upadri, aliyewekwa wakfu huko Baudouinville mwaka 1917, alitoka seminari, na kwa muda mrefu seminari kubwa ndiyo iliyokuwa karibu njia pekee ya masomo ya juu kwa mwana wa nchi. Lovanium ilipofunguliwa Kimwenza mwaka 1954, wengi hawakuweza kuingia moja kwa moja, maana shule za sekondari kamili zilikuwa chache. Ikawekwa sehemu ya matayarisho kabla ya chuo chenyewe. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Mlango ulifunguliwa umechelewa mno, na walioufungua ndio waliokuwa wameufunga.

Mazoezi ya wawili wawili hayahitaji bweni wala dola. Kundi la vijana likitaka kuyajaribu likizo hii katika ukumbi wa parokia, lichukue kitabu cha hesabu cha mwaka wa tano, benchi moja kwa kila wawili, saa moja na nusu, mara tatu kwa juma. Msianze na maswali magumu. Na yule ajuaye jibu, awe ndiye msikilizaji wa kwanza.