Shahada, Uzoefu na Lango la Dzaleka
Waajiri wamebishana kwa miaka mingi: kipi kitangulie, shahada au uzoefu? Historia ya Dzaleka, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe, yaonyesha kuwa liko swali linalotangulia hilo.

Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda; mwaka 1994 ikageuzwa kambi ya wakimbizi. Waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi walikuja na ujuzi wao: waalimu, wauguzi, mafundi. Tangu mwaka 2010, mpango wa Wajesuti uliwawezesha baadhi yao kusomea kambini stashahada ya Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Uzoefu ulikuwapo, vyeti navyo vikapatikana.

Lakini Malawi, ilipoukubali Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, iliweka masharti juu ya kibali cha kazi na mahali pa kuishi. Machi 2023 wakimbizi waliokuwa mijini wakaamriwa kurudi kambini.

Mwajiri mwenye busara hukitazama cheti, kisha humpa mtu kazi aone anavyoitenda. Asiyeruhusiwa kuufikia mzani, hata hivyo, hapimwi kwa lolote. Hapana budi lango lifunguliwe kwanza. Ndipo mabishano hayo yatakapokuwa na maana.