Rekodi Iliyopimwa kwa Tani

Reli haijawahi kufika Sumbawanga. Anayetaka treni hupanda basi hadi Mpanda, kwenye tawi lililojengwa kwa ajili ya risasi ya mgodi wa Uruwira. Mvuke tulioujua sisi Wafipa wa Sumbawanga ulikuwa wa ziwani: meli ya Liemba, ambayo vipande vyake vilipelekwa Kigoma kwa Reli ya Kati, ikitia nanga Kipili na Kasanga.

Mvuke wa relini nao una rekodi zake. Ile ya mbio za garimoshi ni ya Waingereza. Tarehe 3 Julai 1938 kichwa kiitwacho Mallard kilifikia kilomita 203 kwa saa, dereva akiwa Joe Duddington na mchochea moto Tommy Bray. Walikuwa wakiteremka mlima, na beringi moja ikapata moto hadi kichwa kikafunguliwa njiani.

Rekodi ya Afrika Mashariki ilikuwa ya kupanda. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kiliiundia reli yetu vichwa 34 vya daraja la 59, kila kimoja tani 252. Hakuna reli ya upana wa mita moja duniani iliyowahi kuendesha kichwa cha mvuke kizito au chenye nguvu kuliko hivyo. Birika lilikaa katikati, injini mbili zikiwa mbele na nyuma, kila moja ikijipinda kwenye kona kivyake. Kutoka Mombasa, usawa wa bahari, vilivuta tani 1,200 hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu.

Moto wa vichwa hivyo ulikuwa wa mafuta, kwa hiyo mchochea moto hakushika koleo. Kazi yake ilikuwa jicho: moshi mweusi maana yake mafuta yanapotea, na maji ya birika hayasubiri mtu aliyesinzia. Dereva Kirpal Singh alijulikana kwa namba 5918, Mount Gelai, aliyoing'arisha kama sahani ya harusi.

Kila kichwa kilipewa jina la mlima. Mbeya ilipata, Rungwe ikapata. Milima yetu ya Mbizi ikarukwa, jambo ambalo Mfipa ana haki ya kulinung'unikia. Vichwa hivyo viliondolewa kazini kufikia 1980. Viwili vimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, Gelai na Shengena, na milima yote miwili iko Tanzania.