Kidokezi, Si Alama ya Kibayolojia

Nimeletewa rasimu ya kijitabu cha wauguzi kuhusu vipimo vya maji ya uti wa mgongo, na kurasa zake zimejaa "alama za kibayolojia", yaani tafsiri ya neno la Kiingereza biomarkers. Kovu la chanjo begani mwangu ni alama, tena ya kibayolojia kupita kiasi. Je, daktari wa ubongo atalisoma ili ajue kama nitawasahau wanangu?

Istilahi hiyo, nasikia, ilipitishwa na kamati ya istilahi katika kikao cha hotelini. Inaonekana hakuna mjumbe aliyeuliza maji hayo yanasema nini. Tangu Heinrich Quincke ayachote kwa sindano ya kiunoni huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1891, yamechunguzwa kwa mambo mengi. Kwa ugonjwa wa Alzheimer, hutazamwa zaidi protini mbili: amiloidi beta 42 na tau. Tau iliyobeba fosfeti huongezeka. Amiloidi beta 42, kinyume chake, hupungua majini, kwa kuwa imenaswa katika mabonge yaliyoganda ubongoni. Sasa wanakamati watueleze: ni alama gani hiyo inayosomeka kwa kupungua? Kilichopungua hakiweki alama. Kinadokeza.

Ndiyo maana napendekeza, na nimependekeza kabla ya hao wanaojifanya wamelisikia leo, neno kidokezi. Umbo lake halina ugeni. Kutoka eleza tulipata kielezi, na hakuna mwalimu aliyelalamika. Kutoka dokeza tunapata kidokezi kwa njia ile ile. Irabu ya mwisho ina kazi yake. Kidokezo ni jambo lililokwisha kudokezwa, bali kidokezi ndicho kinachodokeza. Mhariri mmoja alinisahihishia i kuwa o bila kuniuliza, na makala ikatoka hivyo.

Wapo wanaocheka kwamba neno linanukia udokozi. Na linuke! Kudokoa ni kuchukua kidogo kidogo, kama mtoto anavyodokoa nyama jikoni kabla chakula hakijapakuliwa, na mimi nauona udugu kati ya dokoa na dokeza: mmoja humega kitu, mwingine humega habari. Sindano nayo inachukua mililita chache tu. Sioni aibu iko wapi.

"Kiashiria" nacho kina watetezi, lakini kimekwisha kutekwa na ripoti za miradi, ambako hata idadi ya semina ni kiashiria. "Dalili" ina nafasi yake, na nafasi hiyo si hii. Mzee akiuliza swali lile lile kila baada ya dakika tano, au funguo zake zikikutwa ndani ya sufuria, hizo ni dalili. Familia nzima inaziona. Mabadiliko ya amiloidi huanza miaka mingi kabla ya hapo, na wapo wanaokufa wakiwa nayo bila kupoteza kumbukumbu. Neno linalothibitisha mno lingewatisha watu hao bure.

Jina baya likishaota mizizi halitoki kirahisi. Rudolf Virchow alitumia neno amiloidi mwaka 1854 akidhani anatazama kitu cha jamii ya wanga, kwa jinsi kilivyobadilika rangi kilipotiwa aidini. Haukupita muongo mmoja ikabainika kuwa ni protini, na bado dunia nzima inaiita kwa jina la wanga. Mwenzetu mmoja wa kamati huniambia nisiwe na haraka, istilahi hujirekebisha zenyewe. Hiyo ya Virchow ina zaidi ya miaka 160 sasa.

Kuhusu matumizi: vidokezi vya maji ya uti wa mgongo, kidokezi cha tau, uwiano wa vidokezi, na kwa kipimo cha damu, ambacho mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu cha kwanza chake kwa Alzheimer Mei 2025, vidokezi vya damu. Ngeli ni ki-vi.