Desturi ya Barua Katika Nyaraka za Paulo

Maneno ya kwanza ya Nyaraka za Paulo twayapita upesi, kama mtu apitavyo kizingiti. Lakini yana habari yake.

Siku zile watu waliosema Kiyunani walikuwa na desturi moja ya barua: jina la mwandishi, jina la mwandikiwa, kisha salamu, tena dua ya afya au shukrani kwa miungu, ndipo yafuate mambo yenyewe. Twajua hayo kwa sababu mchanga mkavu wa Misri ulihifadhi barua za watu wa kawaida. Mwaka 1897 Waingereza wawili, Grenfell na Hunt, walichimba majaa ya Oxyrhynchus wakatoa karatasi nyingi mno za mafunjo. Mahali pengine huko Misri ilionekana barua ya kijana Apion, askari wa merikebu za Kirumi katika karne ya 2, aliyomwandikia baba yake kutoka Italia. Amwombea afya, amshukuru mungu Serapis aliyemwokoa baharini. Ndipo ataja vipande vitatu vya dhahabu alivyopewa kuwa masurufu ya njia.

Paulo alifuata njia ile ile. Ila neno la salamu, khairein, ambalo Yakobo alilitumia katika waraka wake, yeye aliliacha, akaweka kharis, yaani neema, lenye sauti ya karibu nalo. Akaongeza amani, salamu ya Wayahudi. Kisha humshukuru Mungu kwa ajili ya wasomaji. Hata Wakorintho, waliogawanyika na kushtakiana, wapewa shukrani yao.

Sasa fungua Wagalatia. Shukrani haimo! Baada ya salamu astaajabu mara kwamba wameiacha Injili. Waraka ulisomwa kwa sauti mbele ya kanisa. Wasikilizaji waliingoja shukrani kama sisi tungojavyo kuulizwa hali, nayo haikuja. Nadhani hapana lawama iliyowachoma zaidi. Maana walimu wengine waliwataka watu wa Mataifa watahiriwe, na kwa Paulo hayo yalikuwa kuufanya msalaba kuwa bure.

Desturi nyingine: mwandishi alitamka maneno, karani akaandika, kama Tertio alivyoandika Warumi, mwisho mwenye barua aliongeza machache kwa mkono wake. Kwa Wagalatia Paulo ashika kalamu na kuandika kwa herufi kubwa. Wengine husema macho yake yalikuwa mabovu. Mimi naona alitaka wazione. Arudia neno la tohara na msalaba, na kabla ya Amina awaita ndugu.